Mwavuli wa Kocha

Pale uwanja wa mazoezi ya gofu watu walimwita Mwavuli, ingawa wakimsemesha ana kwa ana walisema Kocha. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha pale, na miaka yote hiyo hakuachana na mwavuli mweusi uliofungwa, jua liwake, mvua inyeshe. Mvua ikinyesha kweli, alilowa huku ameushika mkononi. Mwavuli ule ulikuwa na kazi nyingine. Mwanafunzi akisimama mbele ya mpira, Kocha alisimama ng'ambo ya pili, akanyoosha mkono na kuigusisha ncha ya mwavuli kwenye kofia ya mwanafunzi, taratibu, kama unavyogusa sufuria kujua kama imepoa. "Sasa piga." Kichwa kikiinuka kabla fimbo haijafika kwenye mpira, ncha iliteleza, na mwanafunzi hakuwa na la kujitetea.

Wanafunzi wake walikuwa watu wa ridhaa, wanaocheza kwa mapenzi tu baada ya kazi, na makosa yao aliyajua kama mfuko wa shati lake. Daktari wa meno aliikaba fimbo kana kwamba ni gego lililogoma kutoka. Wakili alisimama miguu imeelekea kulia, mpira ukienda kulia akaulaumu upepo. Na wote, wake kwa waume, waliinua kichwa kutazama mpira ulikokwenda kabla hawajaupiga. Kocha hakujishughulisha na mpira. Mpira hauna kosa, alikuwa akisema, umekaa zake hapo. Yeye alimtazama mtu. Hata akiwapa mgongo alisikia mlio wa pigo akasema, "Wakili, rudisha mguu wa kushoto," na wakili akarudisha, kimya.

Kazini jicho hilo lilimpa heshima. Nyumbani lilimtoa mtu roho. Binti yake wa pekee alikua akiambiwa anavyokata vitunguu vibaya, anavyofunga mlango vibaya, anavyoshika kalamu kama kijiko. Alipoanza kuendesha gari, baba aliketi kando akamrekebisha njia nzima mpaka binti akaegesha pembeni na kumwachia usukani. Wakati huo mama mtu alikuwa hai, na mama ndiye aliyekuwa breki. "Mwache mtoto apumue," alisema, na Kocha alinyamaza, walau mpaka chakula kiliwe.

Halafu mama alifariki. Siku ya mazishi binti alisimama mbele ya watu akasoma wasifu wa mama yake. Wakiwa kwenye gari kurudi nyumbani, Kocha alisema, "Umesoma haraka mno. Ungetua kidogo pale pa mwisho." Alisema kwa nia njema, kwa sababu pale pa mwisho palikuwa pazuri na alitaka watu wote wapasikie. Binti aligeuza uso dirishani, na tangu siku hiyo, mwaka na nusu sasa, kilichobaki ni simu ya Jumapili jioni ya dakika nne: unaendeleaje, umekula, haya baba, uwe na usiku mwema.

Usiulize kama Kocha alijua alichofanya. Alijua. Nyumba ya vyumba vitatu ilimwambia kila siku. Alikuwa akipika kikombe kimoja cha chai, akiosha sahani moja, akiwasha redio chumba asichokaa ili asikie mtu anaongea. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke wa kumsalimia mtangazaji wa habari.

Ndipo Jumatatu moja ikaingia meseji. "Baba, Jumamosi saa kumi naja uwanjani. Ofisini wameunda timu ya gofu, nimejiandikisha. Utanifundisha?" Aliisoma akiwa amesimama jikoni mpaka chai ikapoa. Furaha ilimjaa, na nyuma yake ikaja hofu. Akimkosoa tena, hata ile simu ya Jumapili itakatika, na hapo atabaki yeye na redio yake. Akapiga moyo konde: Jumamosi hatasema kosa hata moja.

Wiki nzima alijizoeza kuuma ulimi. Daktari wa meno alikuja Jumatano, akaikaba fimbo kama kawaida yake, mpira ukaenda arijojo. Kocha akasema, "Vizuri."

Daktari akamtazama. "Kocha, unaumwa?"

"Mzima tu."

"Hebu fungua mdomo nikuangalie."

Jumamosi aliuacha mwavuli mapokezi, umeegemea ukuta karibu na meza ya karani. Karani aliutazama, akamtazama mwenyewe, asiulize.

Binti alifika saa kumi kasoro. Alikuwa amevaa kofia ya kitambaa cha bluu iliyofifia, ile ambayo mama yake alikuwa akiivaa akimwagilia maua. Walishikana mikono kama watu waliotambulishwa jana. Kocha akamwonyesha pa kusimama, akamkabidhi fimbo, akarudi nyuma hatua nne, akafunga mikono mgongoni.

Binti akapiga. Lo, pigo lilikuwa bovu. Kabla fimbo haijatua Kocha alikwisha kuona makosa saba: vidole vimebana, miguu imepishana, magoti makavu, kiwiko kimeruka, kiuno kimelala, haraka ya kufukuzwa, na kubwa lao, kichwa kimeinuka mapema kutafuta mpira ambao bado uko chini. Maneno yalimpanda mpaka kooni. Akayameza.

"Vizuri," alisema.

Mpira wa pili ulitambaa kwenye nyasi. "Vizuri." Wa tatu haukuguswa kabisa. "Si mbaya, mama." Saa nzima ikaenda hivyo. Binti alitoka jasho, baba alitoka jasho zaidi, na sehemu za jirani wanafunzi wake, kana kwamba hawamtambui tena mwalimu wao, walikuwa wakitupiana macho.

Ndoo ya mipira ilipokwisha, binti aliilaza fimbo chini.

"Baba, umeniangalia hata mara moja?"

"Nimekuangalia sana."

"Nakosea wapi?"

Kocha alitazama viatu vyake. "Unaendelea vizuri tu."

"Nilikuwa nakaa pale nikiwa mdogo," binti alisema, akionyesha benchi la nyuma. "Nawahesabu watu unaowawekea mwavuli. Siku zote nilitaka zamu yangu." Sauti yake haikupanda. "Leo nimevaa hadi kofia. Hata mwavuli hukuuleta."

Akachukua mkoba wake. Alisema asante, na asante ile ilimchoma Kocha kuliko kama angetukanwa. Alimwona akipita mapokezi, akiupita mwavuli, akiingia kwenye gari. Gari likatoka getini.

Alibaki pale na ndoo tupu. Alikuwa amejitahidi wiki nzima asimpoteze mtoto kwa maneno, na sasa amempoteza kwa kunyamaza. Akaketi kwenye lile benchi la nyuma. Kutoka pale, aligundua, mtu humwona kocha mgongo tu.

Kocha hakuwa na tabia ya kumpigia binti yake simu. Siku zote alingoja apigiwe. Akatoa simu mfukoni, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vidole vimebana simu vibaya kuliko vya daktari wa meno.

"Baba? Subiri niegeshe." Akasikia kiashiria cha gari kikigonga, kisha injini ikazimwa. "Haya, nakusikiliza. Umepatwa na nini?"

"Unainua kichwa," alisema Kocha. "Unataka kuona mpira ulipokwenda kabla hujaupiga."

Akasikia mkanda wa kiti ukifunguliwa.

"Kila mara?" binti aliuliza.

"Kila mara. Tangu wa kwanza."

Akamsikia akivuta kamasi, na katikati yake kitu kama kicheko. "Na kingine?"

Kocha alifungua mdomo. Yalikuwepo yote, yamejipanga, vidole, miguu, magoti. Tangu aanze kazi hajawahi kubakiza kosa la mtu. Akaufunga mdomo.

"Kingine Jumamosi," alisema. "Njoo na kofia."

"Saa kumi?"

"Saa kumi. Na, mama, ile siku ya mazishi ulisoma vizuri."

Binti hakujibu upesi, na safari hii Kocha alimsubiri.

"Jumamosi, baba," alisema mwishowe.

Kocha alikwenda mapokezi kuuchukua mwavuli wake. Njia nzima alikuwa akihesabu kwa vidole: makosa sita yamebaki, Jumamosi sita. Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, alimwombea mwanafunzi wake achelewe kuelewa.