Barua Niliyomficha Bibi

Harufu ya rangi ya mafuta bado hunibana kifua. Nikipita penye ukuta unaopakwa rangi, hujikuta nimekumbatia mkoba wangu na kuharakisha hatua, mimi mtu mzima mwenye kazi na watoto, utadhani kuna anayenifukuza. Kwa wengine ni harufu ya nyumba mpya, ya Idi, ya arusi. Kwangu ni harufu ya msimu mmoja wa baridi nilipokuwa na miaka kumi, katika kijiji kidogo cha pwani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka mji wa Sur, Omani. Wenyeji walikiita Khor, sisi nyumbani tukakiita Horini, kwa kuwa familia yetu ilikuwa ya watu waliorudi kutoka Unguja na kila kitu tulikipa jina la pili.

Horini palikuwa na safu mbili za nyumba, msikiti mmoja, duka moja, na ufuo uliojipinda kama mwezi mchanga. Dagaa walianikwa juu ya mchanga kwa ajili ya chakula cha mifugo, na harufu yao iliingia kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye daftari zangu za shule. Mbuzi walitembea ufuoni wakijichagulia. Maji ya kunywa yaliletwa na lori la tangi, na sauti ya honi yake ndiyo iliyokuwa kelele kubwa kuliko zote tulizozijua. Wageni tuliowaona walikuwa Wazungu wachache, na gari lao lenye hema juu ya paa. Wakiuliza njia, wakinunua biskuti, wakienda zao. Baba alifanya kazi Maskati, akirudi kila Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa. Mama alikuwa muuguzi katika hospitali huko Sur, akiondoka asubuhi na kurudi baada ya alasiri. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na Bibi, mama yake baba.

Bibi alizaliwa Unguja na kukulia huko huko, mtaa wa Malindi, na ingawa nasaba yake yote ilikuwa ya Kiarabu, Kiarabu chenyewe hakikumkaa mdomoni. Alikijua cha kuswalia na cha kusalimia. Yaliyobaki yote alinitegemea mimi. Daktari mgeni, dereva wa lori la maji, mwalimu wangu, wote walipita kwangu kwanza. "Zuwena, kasema nini?" Nililisikia swali hilo mara ngapi kwa siku, nikilijibu huku nikitafuna, huku nikicheza, bila kufikiri kwamba nilikuwa nimeshika kitu kizito. Rafiki yake mkubwa, Umm Nasser, aliyekaa nyumba ya safu ya mbele inayotazama bahari, hakujua Kiswahili. Hata hivyo kila asubuhi walikaa pamoja barazani, kahawa katikati yao, wakipeana maneno mojamoja. Umm Nasser alijua "njoo", "chumvi" na "pole". Bibi alijua majina ya samaki wote na namna ya kuwalaani mbuzi. Waliweza kucheka asubuhi nzima kwa maneno ishirini.

Kiangazi kilichotangulia Bibi alianguka jikoni, akalazwa wiki nzima. Moyo, walisema. Siku tuliyomrudisha nyumbani Mama alinivuta pembeni akaniinamia. "Bibi hatakiwi kushtuliwa. Habari yoyote nzito, uniletee mimi kwanza. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Tangu hapo nilianza kulala kidogo na kusikiliza sana. Nilikuwa nikisimama nyuma ya pazia la chumba chake wakati wa usingizi wake wa mchana, nitazame kama kanga aliyojifunika inapanda na kushuka. Nilijua pia, maana nyumbani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini, kwamba Bibi alikwisha poteza nyumba moja mwaka wa mapinduzi, ilipochukuliwa na kila kilichokuwamo.

Watu wa rangi walikuja mchana, watatu, ndani ya gari jeupe. Mmoja alikuwa Mhindi mwenye darubini ya kupimia ardhi juu ya miguu mitatu. Mwingine alibeba kopo la rangi nyekundu. Wa tatu, kijana Mwomani mwenye kanzu safi na jalada la karatasi, akabisha hodi. Bibi akatoka amejifunga mtandio, mimi mbele yake. Kijana akasalimia kwa adabu, akaeleza polepole kwa kuwa aliona anasema na mtoto. Hapa patajengwa hoteli kubwa. Safu ya mbele yote itaondoka. Katika safu ya pili zitaondoka nyumba tatu za mwisho, zinazoangukia kwenye barabara mpya ya hoteli: yetu, na mbili za watu waliohamia Maskati ambazo zilikuwa zimefungwa. Mwenye nyumba afike ofisini Sur ndani ya siku thelathini, aje na hati zake, achague kiwanja kingine. Atakayekuja mapema atachagua karibu na bandari ya wavuvi. "Mpe baba yako," akasema, akanikabidhi barua.

Nyuma yake yule wa kopo alikuwa ameshaanza kuandika namba kwenye ukuta wetu.

"Zuwena, kasema nini?"

Nikamtazama. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mwimo wa mlango, mwingine umeshika mtandio shingoni, na niliona mshipa ukipiga pale chini ya kidevu. Nikasema, "Kasema wanahesabu nyumba, Bibi."

"Kuhesabu kwa jambo gani?"

"Mabomba. Wataleta maji ya bomba."

Sijui neno hilo lilitoka wapi, huku barua nimeikunja kiganjani. Uso wa Bibi ukafunguka kama dirisha. "Alhamdulillahi," akasema, akamgeukia yule kijana, akamshukuru kwa Kiarabu chake cha kusalimia, akamwombea dua ndefu. Kijana akapigwa na butwaa. Bila shaka alidhani hajapata kuona kikongwe mwenye moyo mkubwa namna ile.

Nia yangu ilikuwa kumpa Mama barua jioni ileile. Lakini aliporudi, kabla hajavua viatu, Bibi alikwisha mpokea na habari za mabomba. Mama, macho mekundu kwa uchovu, akasema afadhali, maana huko Sur alisikia minong'ono ya hoteli, ila ni safu ya mbele tu, sisi hatuguswi. Nami nilikuwa nimekaa na barua ndani ya soksi yangu. Ningesemaje mbele ya Bibi? Nikajiambia kesho. Kesho yake Mama alikuwa na zamu ndefu. Nikajiambia Jumatano, nitampa Baba. Jumatano ile Baba hakuja, gari lilimharibikia. Ilipofika Jumatano ya pili barua ilikuwa na siku kumi na moja, na sasa nilikuwa na makosa mawili, kudanganya na kuficha. Nikaihamishia ndani ya jalada la kitabu cha hesabu, kisha chini ya godoro, kisha nikairudisha kitabuni. Mwalimu akiniita jina niliruka. Gari lolote jeupe likipita nilikimbilia mlangoni nifike kabla ya Bibi.

Na Bibi alikuwa na furaha kuliko nilivyopata kumwona. Alimwita fundi ajenge pahala pa kufulia uani, penye sinki, kwa ajili ya maji yatakayokuja. Aliagiza vipandikizi vya asmini kutoka kwa jamaa zetu wa Aija, mtaa mmoja wa Sur, akavipanda mstari mzima kando ya ukuta, akivinywesha kwa kata ili asipoteze tone. Umm Nasser alipokuja akilia, maana nyumba yake ilikuwa safu ya mbele na mumewe alikwisha kwenda ofisini kuchagua kiwanja kule bandarini, Bibi ndiye aliyemfariji. "Pole, pole," walikuwa wakiambiana, kila mmoja akimpapasa mwenzake. Kisha Umm Nasser akanigeukia niseme kwa Bibi kwamba bandarini si mbali, kwamba kutoka huko ataweza kuja hapa kwetu kwa miguu kila asubuhi. Nikalisema hilo lote, neno kwa neno, sauti ikinitetemeka. Bibi akaniuliza kama ninaumwa.

Nilivunjika Alhamisi moja asubuhi. Baba alinichukua garini kwenda kununua barafu. Tulipopita karibu na ukuta wetu akatazama ile namba akasema, "Mbona hawa wa maji wametupigia mstari chini, na jirani wa huku hawana kabisa?" Nikaanza kulia. Nilitoa kitabu cha hesabu kwenye mkoba, maana nilikuwa naubeba kila nilikokwenda, nikampa barua. Akasimamisha gari katikati ya njia. Akaisoma mara mbili huku injini ikinguruma.

"Walileta lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole juu ya usukani. Siku thelathini zilikuwa zimekwisha siku tatu zilizopita, na ofisi ilikuwa imefungwa mpaka Jumamosi.

Nilitarajia anipige. Hakunipiga. Alifuta uso kwa kilemba chake, kisha akasema, "Mimi nitamwambia mama yako. Bibi yako utamwambia wewe."

Mama alikuja na kipimo cha presha na dawa zake, akakaa karibu na kitanda. Bibi alikuwa amemaliza kuswali alasiri, bado yuko juu ya msala. Nilipiga magoti mbele yake nikasema yote, nikamaliza, nikamwangalia kifua. Hakuanguka. Hakushika moyo. Alinyoosha mkono. "Iko wapi hiyo barua? Nisomee."

Nikasoma kwa Kiarabu, nikaeleza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipotaka kuruka palipoandikwa kuvunjwa, akasema, "Umeruka." Sijui alijuaje. Nikarudi nikalisema.

Alikaa akikunja na kukunjua pindo la msala. Mama akasema, "Mama, mtoto alikuogopea maradhi. Mimi ndiye niliyemtia woga."

"Najua," Bibi akasema. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mgeni amjue sura. "Unguja hakuna aliyenibishia hodi, Zuwena. Waliingia tu. Hawa wamebisha hodi. Wewe ndiye uliyenifungia mlango."

Jumamosi alivaa baibui lake zuri tukaenda Sur, yeye, mimi na Baba, aliyeahirisha kurudi Maskati. Baba alitaka kusema yeye, Bibi akakataa. "Atasema Zuwena. Neno kwa neno." Basi nikasimama mbele ya meza ya yule yule kijana wa kanzu safi nikasema kwamba mimi nilidanganya, kwamba bibi yangu hakujua, kwamba anaomba kiwanja cha bandarini karibu na jirani yake. Kijana alinisikiliza akiinamisha macho. Aliingia ndani kwa mkubwa wake, akakaa, akarudi. Viwanja vya bandarini vilikwisha Jumatano. Vilivyobaki ni vya juu, uwandani, ng'ambo ya barabara kuu. Akaongeza, taratibu, kwamba cha mwisho cha bandarini kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Umm Nasser.

Bibi akangoja. Nikalisema hilo pia.

Tulihama kabla ya Ramadhani. Nyumba mpya ilikuwa nzuri, nisiseme uongo tena. Ilikuwa na vyumba vikubwa, na maji ya bomba kweli, yakitoka mchana kutwa. Lakini bahari haikuonekana wala kusikika, na barabara kuu ilikuwa na malori, na mwendo wa kwenda bandarini ulimshinda mwenye moyo mgonjwa. Umm Nasser aliletwa na mwanawe mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha sikukuu. Mwaka uliofuata Bibi alimwambia Baba amwandikishe darasa la wanawake watu wazima, la kusoma na kuandika Kiarabu. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Kila alasiri alitoka na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma miaka mitatu, mpaka akaweza kusoma kichwa cha habari gazetini na kumjibu daktari mwenyewe, kwa lafudhi iliyowachekesha watu, naye akicheka nao. Familia nzima ilimsifu. Mimi nilikaa pembeni. Tangu ile siku ya ofisini hakuniuliza tena mtu kasema nini. Alinipikia, alinisuka nywele, alinifundisha kukaanga vitumbua visishike kaango. Alinipenda, sina shaka. Lakini lile swali hakuniuliza mpaka alipofariki.

Mwaka huu, wakati wa likizo ya shule, niliwapeleka watoto wangu kwenye hoteli. Miaka mingi nilikuwa nakataa. Tuliingia kama wageni wengine, tukafungwa mikononi utepe wa rangi ya samawati, tukapewa taulo. Mchanga huchekechwa kila asubuhi na mashine, hauna hata mfupa wa dagaa. Safu zetu mbili za nyumba ni bustani na bwawa la kuogelea, na kwa kadiri ya kukisia kwangu pahala pa Bibi pa kufulia pako chini ya meza za chakula cha asubuhi. Siwezi kusema ni pabaya. Vijana wa Horini wana kazi pale, mjukuu wa Umm Nasser ni mmoja wao, na mgonjwa akizidiwa leo kuna barabara ya kumfikisha Sur upesi, si ile njia ya mawe tuliyompitishia Bibi akiwa amezimia. Zamani tulikuwa wachache, tukijuana kwa kikohozi. Sasa nilipomwambia mlinzi wa lango la ufuo kwamba mimi ni wa hapa, aliniomba kwa adabu nimwonyeshe utepe.

Binti yangu mkubwa ana miaka kumi. Tulikuwa tumekaa mimi na yeye chini ya mwavuli, wenzake majini, nami sikuwaondolea macho, maana mpaka leo sijui kukaa kwa raha mbele ya kitu ninachokipenda. Akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamsimulia yote kama nilivyoyaandika hapa, bila kuruka. Alisikiliza akichora mchangani kwa kidole gumba cha mguu. Nilipomaliza akauliza, "Alikusamehe?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na lingemfurahisha.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwahi kumwuliza."