Mtangazaji wa Stendi Aliyelinyamazia Basi la Saa Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa abiria umejaa mabegi, magunia na watu waliosinzia wamekaa. Juu ya madirisha ya tiketi kuna chumba kidogo cha vioo. Ndani yake mwanamke wa miaka arobaini na minne anamalizia yai la kuchemsha, anafuta vidole kwa kitambaa, anakunywa mafunda mawili ya maji ya vuguvugu, kisha anavuta maikrofoni.

"Abiria wa basi la saa tatu, njia ya milimani, tafadhali sogeeni mlango namba nne. Hakikisheni mizigo yenu imeandikwa majina. Basi la saa tatu, mlango namba nne."

Sauti yake ni nzito kidogo na haina haraka. Chini ukumbini watu wanainuka, wanatikisana, wanatafuta viatu. Anazima maikrofoni na kuutazama mlango namba nne mpaka mtu wa mwisho apite.

Hapa stendi anaitwa Mama Spika. Wenye utani humuuliza bunge linaanza saa ngapi, naye huwajibu kuwa wabunge bado wako foleni ya choo. Kiti hiki amekikalia miaka kumi na sita, lakini basi la saa tatu amelirudia wiki tatu tu zilizopita. Kwa karibu mwaka na nusu hakulitaja. Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wake, na ndilo lililomchukua asirudi.

Kulitangaza ameweza, kulipanda bado. Mwisho wa njia ile anaishi mama mkwe wake, ambaye hajamtia machoni tangu siku ya mazishi, na kuna jambo anataka kumwambia uso kwa uso. Tiketi ya Jumamosi amekwisha kukata. Ukimuuliza kama kweli atakwenda, hakufichi.

"Sijui," anasema. "Tiketi ninayo. Moyo ndio sijaukatia."

Ajali ilitokea kwenye kona za milimani, siku ya mvua. Abiria walitoka na majeraha. Dereva hakutoka.

Mjane alirudi kazini mapema kuliko alivyoshauriwa. Nyumbani kulikuwa na binti wa darasa la tano na kodi ya kulipwa, na mishahara miwili ilikuwa imebaki mmoja, tena usiovuka wiki ya tatu ya mwezi. "Nilijikaza kisabuni," anasema. "Kwa nje naonekana mgumu, ndani nayeyuka."

Siku ya kwanza alitangaza magari yote vizuri hadi lilipofika la saa tatu. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Mkata tiketi wa dirisha la kwanza, mwanamume mnene asiyependa ngazi, akapanda akihema, akachukua maikrofoni na kulitangaza yeye. Kesho yake akapanda tena. Hakuna mkutano uliokaa wala bosi aliyeagiza. Ikawa ndiyo desturi ya stendi: magari yote ni ya Mama Spika, la saa tatu ni la mkata tiketi.

"Tulidhani tunamsaidia," anasema mkata tiketi huyo. "Shemeji anapukutika mbele ya macho yetu, sisi tunamwondolea neno moja kila asubuhi, basi tunajiona tumemaliza kazi."

Alikuwa anapukutika kweli. Asubuhi chai ya rangi, mchana chai ya rangi, jioni kipande cha mkate alichobakiza mtoto. Sketi ya sare aliibana kwa pini. Siku za mapumziko alishinda kitandani na mapazia yamefungwa. Binti alijifunza kupika kwa kusoma maelezo nyuma ya pakiti.

"Kazini naongea kutwa," anasema, "nikifika nyumbani sina hata neno la kumpa mwanangu. Ananiuliza kitu leo, namjibu kesho."

Sisi tuna tabia moja mbaya. Aliyefiwa asipolia tunamsifu. Tunamwita jasiri, tunampigapiga begani, halafu tunamwacha na ujasiri wake. Akionekana kazini asubuhi, tunahesabu kuwa amepona.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Spika aliumbuliwa na abiria. Asubuhi moja mkata tiketi aliamka na homa, hakuja kazini. Aliyeshika dirisha lake hakuijua ile desturi. Juu, kwenye vioo, Mama Spika akasubiri mtu apande ngazi, na mtu hakupanda. Wapiga debe walikwishapigwa marufuku kwenye stendi hii, kwa hiyo abiria husikiliza spika tu. Dereva naye hupigwa faini akichelewa getini. Basi likaondoka kimya, na watu wanne wakabaki ukumbini na tiketi mikononi.

Mmoja wao alikuwa anakwenda kumzika baba yake. Hakufoka. Alipanda hadi kwenye kioo, akasema, "Dada, mimi nilikuwa nimekaa nasubiri sauti yako."

"Angenitukana ningepumua," anasema Mama Spika. "Aliniambia kwa upole. Nikamtazama, nikaona huyu ana msiba kama wangu, na mimi nimemwongezea."

Meneja alimpa likizo ya miezi miwili kwa nusu mshahara na kumtaka aende kliniki. Akirudi, atangaze magari yote bila kubagua. Akishindwa, atahamishiwa stoo ya vifurushi, ambako hakuna anayehitaji kusikika.

Kliniki alimkuta nesi wa afya ya akili, mwanamke mtu mzima anayekaribisha wagonjwa kwa kuwavutia kiti mwenyewe. "Alikuja anataka dawa ya usingizi," anakumbuka nesi. "Nikamuuliza amekula nini tangu jana. Akafikiri, akafikiri, mpaka nikaona haya kwa niaba yake."

Walizungumza kila wiki. Nesi hakumwahidi miujiza. Alimpa kazi za nyumbani: kila mchana ale chakula kamili, chenye mboga, maharage au yai, na tunda, kila jioni asome kurasa chache kwa sauti, sauti izoee tena kutoka, na kila wiki apande gari lolote, aende mahali, arudi.

"Wapo wanaohitaji dawa, tusidanganyane," anasema nesi. "Lakini hata huyo wa dawa, tumbo likiwa tupu na mapazia yamefungwa, nasaha zangu zinaingia sikio hili zinatokea lile."

Safari ndiyo iliyomkera zaidi. "Nikamwambia, Sista, mimi nasafirisha mji mzima. Akaniuliza, na wewe umefika wapi? Tangu mazishi nilikuwa sijavuka tena daraja la mto."

Mara ya kwanza alipanda gari la mji mdogo wa jirani, mwendo wa saa moja. Alishuka kituo cha kwanza na kurudi kwa miguu, nguo zimelowa jasho. Wiki iliyofuata alifika. Njiani aliona mashamba ya alizeti ambayo abiria wake huyapita kila siku. Akanunua papai bivu, akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, akalila lote peke yake.

"Nikashtuka," anasema. "Kumbe papai lina ladha. Nikalia palepale, watu wananitazama, na papai siliachi."

Kitabu hakukinunua. Alichukua cha binti yake cha shule, chenye hadithi ya mfinyanzi aliyepoteza njia ya kurudi kwao. Binti alivumilia kurasa mbili, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mama, unasoma kama unatangaza gari. Huyu mfinyanzi analia, haondoki saa nne."

Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba. Sasa wanasoma kwa zamu baada ya kula, na kitabu kikiisha binti anaazima kingine maktaba ya shule. "Kitabu kinanipa matatizo ya mtu mwingine niyabebe kidogo," anasema mama. "Yangu nayo yanapata nafasi ya kukaa chini."

Asidhani mtu kwamba mambo yalinyooka kama uzi. Zipo siku mapazia hayafunguliwi mpaka adhuhuri. Kilichokuwa kigumu kupita vyote ni chakula cha asubuhi. Mchana alikula, jioni alikula, lakini asubuhi sahani aliirudisha jikoni ilivyo. Ilimchukua nesi muda mrefu kupata sababu, na Mama Spika anaieleza akiwa ametazama mgahawa ulio mkabala na chumba chake.

Asubuhi ya ajali mumewe alikuwa ameketi pale, sahani ya maharage na mayai ndiyo kwanza imewekwa mezani. Yeye akamwona kupitia kioo. Akamtania kwa maikrofoni, kama alivyozoea: dereva wa basi la saa tatu, abiria wako wanakusubiri, na mkeo anakuona. Ukumbi mzima ukacheka. Mume akainuka, akampungia mkono, akaenda kwenye gari lake.

"Hakula hata kijiko," anasema. "Nilimwinua mimi."

Nesi amemwambia mara nyingi kwamba utani ule haukuleta mvua wala kona. Anaelewa. Siku hizi asubuhi anakula, polepole, wakati mwingine machozi yakimtoka. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kwake jambo hili halijaisha.

Siku ya mazishi mama mkwe alimshika mkono na kumuuliza swali moja tu: mwanangu alikuwa amekula? Mjane akajibu, "Ndiyo, mama. Alikula akashiba." Mzee akashusha pumzi, na hilo likawa ndilo tegemeo lake. Huwaambia majirani kwamba walau mtoto wake hakuondoka na njaa. Kila msimu wa mavuno humpa dereva wa basi la saa tatu kifurushi cha maharage amletee mkwewe, na salamu zake hazibadiliki: mwambie mwanangu nashukuru, alimlisha mume wake mpaka siku ya mwisho.

Maharage hayo Mama Spika huyagawa kwa majirani. Hajawahi kuyapika.

Mkata tiketi anaona jambo hili liachwe. "Uongo ule ni shuka la yule mzee," anasema. "Shemeji akilivuta, bibi wa watu atajifunika nini?" Nesi amekataa kuamua. Anasema wote wawili wana haki ya kulala, na hajui nani atangulie.

Mama Spika amelifikiria tangu papai lile. Jumamosi atakabidhi maikrofoni na kushuka ngazi kama abiria wengine. Atakaa kiti cha dirishani, na binti yake amesema atakaa pembeni yake. Zile kona amepanga kuzipita macho yakiwa wazi. Anatarajia kufika mchana, wakati mzee ana kawaida ya kupakua chakula, na kabla ya kunawa mikono atamwambia kwamba mwanawe hakula, na ni nani aliyemwinua mezani.

"Anaweza kunifukuza," anasema. "Ni haki yake, kuna gari la jioni la kurudi. Ila sitaki anishukuru tena."