Mkuu wa Kaya Yuko Vitani

Siku lori la Mzee Jayanti liliporudi kutoka Iringa, nilikuwa uani nafua. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, kila chumba na familia yake, na uani mmoja wa kupikia. Mimi nilikaa na mjomba, aliyenichukua Rombo nilipomaliza shule. Chumba cha mkabala alikaa Rajabu, dereva wa lori hilo, na mkewe Mwanahawa, na binti yao wa miaka minne, Sikujua. Mwanahawa alinizidi miaka kama sita. Aliniita mdogo wangu, na ndiye aliyenifundisha mji.

Rajabu aliingia na vumbi hadi kwenye kope. Akamkalisha Sikujua begani, akasema huko alikotoka mahindi yamezaa mpaka wakulima wanayalundika vyumbani wanamolala.

"Mwaka huu hatuna shida," alimwambia mkewe. "Labda wewe uchoke kusonga."

Mwanahawa akacheka. Mzee Jayanti alifika kutoka Upanga kupokea mzigo, tukamkaribisha chai, akakataa kwa sababu siku hiyo alikuwa amefunga. Sikumbuki jambo jingine.

Vita vilipotangazwa redioni tulitoka barabarani tukaimba. Nami niliimba hadi sauti ikakauka. Kagera ilikuwa mbali, lakini nchi ilikuwa imevamiwa, na hasira yetu ilikuwa ya haki. Hilo naliamini mpaka leo.

Kisha magari yakaanza kuchukuliwa kwenda vitani. La Mzee Jayanti lilichukuliwa mchana, likiwa mbele ya duka lake, na dereva wake pamoja nalo. Rajabu hakuwa askari. Waliomchukua walimpitisha nyumbani achukue shati na koti.

"Nikifika nitaandika," alisema.

Hatukupata barua.

Nikiwaambia vijana kwamba tulipata njaa hapa mjini, huniuliza kama mvua ilikataa. Mvua ilinyesha. Mahindi aliyoyaona Rajabu yalikuwepo, yakaozea kule kule kwa kukosa lori. Na aliyejaribu kuyaleta mwenyewe alizuiwa njiani, maana mazao hayakuruhusiwa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali. Nia ilikuwa kuwakomesha walanguzi. Kidogo kilichofika mjini kiligawiwa kwa kadi: kila kaya kadi moja, yenye jina la mkuu wa kaya. Mjomba alinitafutia kazi kwenye duka moja la mgao, nikawa mpimaji wa unga. Nyumbani tukawa tunakula mara moja kwa siku, na tulihesabiwa wenye bahati.

Baadaye likaja agizo jingine. Ilisemekana kuna kadi hewa, watu wanachukua mgao wa marehemu na wa waliohama. Kwa hiyo kila mkuu wa kaya alitakiwa afike mwenyewe dukani. Asiyefika, kadi yake ifutwe.

Mwanahawa alikuja na kadi ya Rajabu. Mkaguzi alikuwa mwanamume mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaisoma.

"Mkuu wa kaya yuko wapi?"

"Yuko vitani."

"Lete barua ya kikosi chake."

"Si askari, baba. Ni dereva. Alichukuliwa na lori."

"Basi lete barua ya hao waliomchukua."

Walikuwa akina nani? Si mimi wala yeye aliyejua. Mkaguzi akapiga mstari juu ya jina la Rajabu, akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa adabu.

Kwa wiki kadhaa nilimpelekea Mwanahawa unga, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Mzee Jayanti naye alimtumia mchele, mpaka nyumba yake iliposachiwa na akiba yake kuchukuliwa. Halafu binti mmoja niliyefanya naye kazi alikamatwa akimpimia mtu asiye na kadi. Walimtoa mbele ya foleni nzima, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Sikumwona tena. Nikaacha kumpelekea Mwanahawa unga. Sikumwambia sababu, naye hakuuliza.

Akaniachia Sikujua, akaenda kwao Kilosa. Alirudi siku ya nne, mikono mitupu. Mama yake alikuwa amempa debe la mahindi, likachukuliwa kwenye kizuizi.

"Nilimwambia yule mgambo achukue nusu aniachie nusu," alisema. "Akasema kazi yake si kugawa."

Sikujua akaanza kuvimba. Kwanza miguu, kisha mashavu. Nywele zilipauka zikawa nyekundu nyekundu. Wapangaji wengine walimpita uani wakasema, "Mbona huyu ananenepa? Mama yake ana unga kauficha." Zahanati walimwambia Mwanahawa ampe mtoto mayai na maziwa. Aliporudi alinisimulia hivyo bila kupandisha sauti, kana kwamba walimwambia ampe nyota.

Siku niliyotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi. Foleni ilianza dukani ikakunja kona. Mkaguzi alisimama nyuma yangu. Mlangoni walikaa mgambo wawili wenye bunduki.

Stoo kulikuwa na magunia ya mahindi. Yalikuwa hapo kwa wiki nyingi yakisubiri kibali cha kugawiwa. Wadudu walikuwa wameshaanza kuyatoboa, na ukisimama kimya uliwasikia.

Mwanahawa alikuwa ndani ya foleni. Nilimwona kutoka mbali, Sikujua mgongoni.

Alisogea.

Nikaomba Mungu mkaguzi aitwe nje. Hakuitwa.

Alifika mbele yangu, akaweka kadi mezani. Ule mstari ulikuwa pale pale.

"Ndeshi," alisema polepole. "Kilo moja tu."

Nikafuta sahani ya mzani.

"Nusu. Wa uji."

Nilisikia pumzi ya mkaguzi shingoni. Sikujua alikuwa macho. Alinitazama, hakulia. Alikuwa ameshaacha kulia siku nyingi.

"Anayefuata," nikasema.

Mwanahawa hakusogea.

"Anayefuata!"

Mgambo mmoja akainuka. Mwanahawa akachukua kadi yake, akatoka.

Sikujua alifariki Jumanne asubuhi, mama yake akiwa anamfuta uso. Kwenye cheti cha kifo wakaandika homa. Wanaume wachache wa mtaa walimbeba kwenda makaburini, wakapumzika njiani, si kwa uzito wa mtoto, bali kwa sababu wao wenyewe hawakuwa na nguvu. Mahindi ya stoo yalipata kibali baada ya hapo. Tulipofungua magunia yalikuwa unga mweusi na mabuu. Tukaamriwa tukayamwage.

Vita vikaisha, tukashinda. Mnazi Mmoja palijaa watu na ngoma. Mwanahawa hakutoka chumbani. Mjomba akaniambia niende, huenda Rajabu yumo kwenye magari yanayorudi. Nilimkuta ukingoni mwa uwanja, amekonda, koti lile lile. Aliniona kabla sijajipanga la kusema.

"Mwanahawa hajambo?"

"Hajambo, shemeji."

"Na Sikujua?"

Nikamwambia. Aliniuliza ni maradhi gani. Watu waliruka ruka kutuzunguka, mmoja akampiga Rajabu begani kumpongeza. Ningeweza kusema homa.

"Ni njaa, shemeji. Na mimi ndiye niliyekuwa napima."

Alifunga vifungo vya koti. Kisha akaondoka kwa miguu, hakuelekea Kariakoo. Alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Hakuendesha gari tena maishani mwake. Walihamia Buguruni, wakapata watoto wengine watatu, na hakuna waliyempa jina la dada yao. Mzee Jayanti alihama nchi bila kurudishiwa lori.

Nina umri sasa ambao vijana wa Kariakoo wananipa shikamoo kabla sijawaona. Mwaka jana nilipanda bajaji mpaka Buguruni. Rajabu alishafariki. Mwanahawa alikuwa barazani, macho yamefifia, lakini alinitambua kwa sauti. Tukasalimiana, tukaulizana afya za watoto. Kisha nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ile Jumamosi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuitamka.

Alipapasa ukingo wa mkeka.

"Ungekuwa wewe kwenye foleni, na mie nipo kwenye mzani," alisema, "na Sikujua yuko nyumbani ananisubiri nirudi na mgao wangu, nami ningesema 'Anayefuata,' kama wewe. Nimelifikiria sana hilo. Ningesema hivyo hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Si kwa hilo. Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri, akainuka kwenda kutawadha, nami nikaaga.