Kompyuta Ilisema Njia Iko Wazi

Mimi shule niliachia darasa la nne, na sijutii. Nusu ya mageti unayoyaona Otonglo nimeyachomelea kwa mkono huu. Nimejenga nyumba ya mawe, nimesomesha watoto watano. Kwa hivyo sikuzoea mtu kunifundisha mambo ya waya.

Reli ndogo ya mezani, ya treni za kuchezea, niliianza baada ya ndugu yangu mkubwa kupigwa na stroki. Yeye alikuwa dereva wa treni za mizigo, Kisumu kwenda Nakuru na kurudi, maisha yake yote ya kazi. Stroki ilimkata upande wa kulia. Daktari wa mazoezi alituambia wazi: mkono wa kushoto lazima ufanye kazi, hata kushika kijiko tu, la sivyo mwili wote utalala. Ndugu yangu akakataa. Alikaa nyumbani kwake Kaloleni akilishwa na shemeji kama mtoto, uso ameuelekeza ukutani.

Binti yangu ni nesi Ujerumani. Yeye ndiye alinitumia injini ya kwanza, ndogo ya kutoshea kiganjani. Ndani yake kuna kidude kinaitwa dekoda, kinapokea amri kupitia reli yenyewe. Unabonyeza kompyuta, injini nambari tatu inaondoka, nambari saba inabaki imesimama. Hata simu inaweza kuiendesha, kwa kidole gumba. Nikajiambia, hii mtu wa mkono mmoja anaiweza.

Nikaunda meza ya vyuma kwenye karakana yangu, nikatandika reli, Kisumu upande huu, Kibos upande ule. Vifaa nilikusanya kwa yeyote aliyekuwa anasafiri. Kisanduku cha kutuma amri kilitoka kampuni moja. Pointi, yaani pale reli inapogawanyika, nilikuwa nazo nane: nne zina dekoda za kampuni ile ile, nne za kampuni nyingine kabisa. Hizo nne za mwisho zilinitesa. Nikibonyeza pointi ya tano kwenye kompyuta, kimya. Nikibonyeza tisa, ya tano ndiyo inaruka.

Nikampigia binti yangu.

"Baba, kampuni hazihesabu sawa," akasema. "Hiyo moja iko mbele kwa nne. Ingia kwenye programu urekebishe nambari. Na zile njia za otomatiki, ambazo kompyuta inazipanga yenyewe, pia usisahau."

"Mimi nilihesabu vyuma kabla hujazaliwa."

"Najua, Baba. Lakini rekebisha."

Sikurekebisha. Nilikata plasta nyeupe, nikaandika tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, nikabandika mezani kando ya zile pointi. Nikibonyeza kwa mkono zilinitii zote. Nikaona nimemaliza.

Jumamosi nilikuwa naleta ndugu yangu na shemeji kwa tuktuk, baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza alishika simu kama mtu aliyepewa samaki mbichi. Siku ya pili alipeleka mizigo Kibos na kurudi. Siku ya tatu alianza kunitukana.

"Wewe fundi wa mageti, hii kona yako ingeua watu."

"Si upunguze mwendo, dereva?"

"Nipunguze mara ngapi? Umekunja reli kama bawaba!"

Shemeji alicheka mpaka akafuta macho. Wiki hiyo ndugu yangu alikula ugali wake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi ya nne nikataka kuonyesha ujuzi. Nikaweka treni mbili. Ya abiria ilikuwa inatoka Kibos, inaendeshwa na kompyuta, ijitoe iingie njia ya pembeni, impishe ndugu yangu apite na mizigo. Akashika simu, asiondoke.

"Laini klia iko wapi?"

Hiyo ni karatasi ambayo stesheni masta alikuwa anaandika na kutia sahihi, kwamba mbele hakuna treni. Bila kuwa nayo mkononi dereva haendi, hata kama anayemwamuru ni mkubwa wa reli.

"Omera, ndugu yangu, kompyuta ndiyo laini klia. Angalia, ni kijani kote."

"Imetia sahihi wapi?"

"Mzee, unaogopa?"

Hilo neno ningelirudisha kama linarudishika. Alinitazama, halafu akasukuma kidole gumba.

Treni ya abiria haikujitoa. Zilikutana kwenye kona, na injini ya ndugu yangu ikaanguka kwenye sementi, ikapasuka. Yeye hakuangalia injini. Aliangalia kidole chake.

"Nimechelewa breki," akasema.

Na mimi nikajibu, "Si kitu. Mkono utazoea."

Nilipowarudisha nyumbani nilirudi karakana, nikabonyeza pointi ya tano, ile ya kuingia njia ya pembeni. Kimya. Kwenye njia ya otomatiki programu ilikuwa bado inaita tano badala ya tisa, hakuna kitu kinaruka, na skrini inapaka kijani kwa sababu amri imetumwa. Inaonyesha ilichoagiza, haionyeshi kilichofanyika. Nilielewa hapo hapo. Angeshikilia apewe karatasi yake, ningelazimika kwenda kuangalia ile pointi kwa macho kabla ya kuandika.

Nilinyamaza miezi miwili. Jumamosi hakuja tena. Shemeji alinipigia: mzee anataka kulishwa, mkono ameuficha chini ya blanketi, anasema mikono imekufa yote miwili. Nilisikia hayo na bado nikanyamaza, kwa sababu kukubali kosa kulikuwa ni kukubali kwamba nimeshindwa na hesabu ya nne.

Mwishowe nilienda Kaloleni. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

"Mimi naendesha ile treni kila siku hapa kitandani. Kila siku nachelewa. Na wewe ulijua."

Nikaanza kusema kitu. Akatoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akanionyesha mlango.

Shemeji hakunisindikiza.

Nambari nimezirekebisha, kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Treni zinapishana bila kugusana. Shemeji ananiambia sasa mzee anakula mwenyewe, hata redio anaiwasha. Jumamosi nikipiga simu, yeye ndiye anashika, ananiambia mzee amelala. Nyuma yake namsikia ndugu yangu akikohoa, na redio ikiongezwa sauti.