Nilipeleka 404 yenye kutu ya baba yangu kwenye wikendi ya klabu ya magari ya zamani, mzee akanivua nguo mbele za watu

Wakuu wa jukwaa, yambo kwenu nyote.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa jirani. Nimekaa nayo wiki kadhaa nikiona aibu. Sasa aibu imepungua, kimebaki kicheko, ndiyo maana nayaleta.

Niko Lubumbashi, Congo. Maneno ya watu wa huku nitayaandika vile walivyoyasema, mkishindwa mahali mniulize.

Kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja. Ofisini navaa shati jeupe na kuongea Kifaransa cha puani. Shikeni hilo, litawasaidia kuelewa ujinga unaokuja.

Nyumbani tuna 404 bâchée, ile pikapu ya zamani yenye turubai nyuma. Ni ya baba. Mzee aliiendesha miaka mingi kati ya Pweto na Lubumbashi akileta samaki wakavu wa ziwa Mweru. Alipochoka na safari akaiegesha nyuma ya nyumba yetu, Katuba. Kuku wakahamia.

Mimi nikawahamisha kuku, nikaanza kuifufua.

Wakuu, ile gari ina kutu mpaka kutu yenyewe imeanza kuota kutu. Upande wa abiria sakafu ina tundu, ukikaa unaiona barabara ikipita katikati ya viatu vyako. Rangi yake mmoja atakwambia bluu, mwingine kahawia, na wote wako sahihi.

Lakini naipenda. Msiniulize kwa nini.

Sasa, huku kuna klabu ya wenye magari ya zamani. Watu wazito. Walitangaza wikendi: Jumamosi msafara kutoka mjini hadi shamba moja upande wa Luano, kulala huko, Jumapili kurudi. Wanachama wapya karibu, ila gari iwe "originale", yaani kila kipande kiwe kile ilichotoka nacho kiwandani.

Kulikuwa na fomu. Mwisho wa fomu: eleza historia ya gari lako.

Hapo shetani akanikabidhi kalamu.

Niliandika hivi: gari ilinunuliwa mpya na baba yangu, mhasibu wa kampuni, aliyeitumia kwenda kanisani Jumapili. Haijawahi kubeba mzigo. Haijawahi kupata ajali. Kila kipande ni cha asili.

Mhasibu!

Baba yangu anahesabu kwa vidole na hakosei, lakini mhasibu siyo. Niliona majina ya wanachama: wanasheria, madaktari, wafanyabiashara wakubwa. Nikaona samaki wakavu hawakai vizuri kwenye karatasi ile. Ndiyo ukweli wote, sina wa kumsingizia.

Jumamosi asubuhi gari ikagoma kuwaka. Nikasukuma, nikaomba, nikatukana kidogo. Baba akatoka ndani na kandambili na kofia yake ya sufu. Akafungua boneti, akachomoa mpira mmoja akaupuliza kwa mdomo, akapiga ngumi mahali ambapo mpaka leo sipajui.

"Washa."

Ikawaka.

Kisha akapanda.

"Papa, unaenda wapi?"

"Ikizimika kule mbele ya bantu, ni nani ataiamusha? Weye?"

Nikaingiza gia.

Mjini tukakuta magari yamejipanga, yanang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye bodi. Mbele kabisa alikuwa prezida wa klabu, Maître Crispin, mwanasheria, suti ya kitani na glavu nyeupe za kuendeshea, redio ya gari yake ikiimba mpaka mwisho wa mstari. Nyuma yake Mama Furaha, muuzaji wa jumla kutoka Butembo, ndani ya Benzi ya rangi ya maziwa. Mimi nikawekwa mwisho. Kwa usalama wa msafara, walisema.

Barabarani watu walishangilia na kupiga picha. Tukifika sisi makelele yanakatika, kama unapita msiba.

Kwenye makutano jamaa mmoja wa vyuma chakavu akatukimbilia na mkokoteni wake.

"Muzee, munaenda kuiuzisha? Mulete huku, mizani yangu iko muzuri!"

"Ngoja kwanza," baba akamjibu. "Tutarudia huku kesho."

Hakuwa anatania.

Kona iliyofuata mlango wangu ukafunguka wenyewe. Nikaendesha mpaka Luano mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mlango, huku nikitabasamu kama mtu anayepunga watu.

Shambani tukapanga magari kwenye majani. Saa saba mchana, jua linachoma. Likapiga lile turubai letu.

Wakuu, miaka yote ya samaki ilikuwa imelala mle ndani. Ikaamka.

Wa kwanza kujua walikuwa mbwa wa shamba. Walikuja wawili, wakakaa nyuma ya 404, wametulia kama wako ibadani. Halafu wageni wakaanza kuangalia chini ya viatu vyao. Mama Furaha akawauliza wapishi kama leo tunakula samaki. Tulikuwa tunakula mbuzi.

Ndipo Maître Crispin akaanza ukaguzi. Anapita gari kwa gari, anasoma fomu kwa sauti, watu wanamfuata na kupiga makofi. Nilipojua historia zinasomwa hadharani, nikamtafuta baba nimtume mbali, hata kuchota maji.

Nilichelewa. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, kikombe cha munkoyo, togwa ya huku, mkononi.

Prezida akasoma. "…iliyonunuliwa mpya na baba yake, mhasibu wa kampuni…"

Baba akamwinamia mtu wa pembeni. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo anachodhani ni mnong'ono wanakisikia mpaka barabarani.

"Ile papa yake, ni nani?"

Yule mtu akaninyooshea kidole. "Si papa ya huyu."

"Papa ya huyu njo miye."

Hata mbwa waligeuza vichwa.

Prezida, sijui kwa kukosa la kufanya, akaendelea kusoma. "Haijawahi kubeba mzigo…"

Baba akacheka mpaka munkoyo ukamwagika.

"Prezida! Hii motokari ilibebaka samaki ya Pweto mupaka ikakuwa nayo samaki. Kuya hapa karibu, usikie harufu."

Akaanza kuizunguka gari kama mwalimu mbele ya ubao. "Huu mulango nilitoshaka ku motokari ingine, ilikuwaka ya kijani. Hii madigadi ni pipa ya mafuta, nilikunja na mikono yangu. Hii taa ni ya tarakta. Kiti ni banc, benchi ya kanisa, pasta anajua."

"Na ajali, muzee?" mmoja akachokoza.

"Unataka ya ngapi? Iliingiaka mu maji mara mbili. Ya pili, miye nilikuwa ninalala."

Watu wakaangua kicheko. Prezida hakucheka. Alivua glavu moja, akasema kwa Kifaransa cha mahakamani kwamba kudanganya kwenye fomu ni jambo zito, gari hii haiwezi kuandikishwa, na mwenye gari naye itabidi ajadiliwe.

Klabu sikuijali tena. Nilikuwa namwona baba. Ameacha kucheka, ananitazama.

"Comptable?" akaniuliza taratibu.

Mhasibu, kwa Kifaransa. Neno moja tu. Nikatazama majani.

Sijui tungesimama vile mpaka saa ngapi kama si Mama Furaha.

"Prezida, ngojea. Na miye niseme yangu." Akaweka mkono juu ya Benzi yake. "Hii moteri ya ndani ni ya teksi-bisi, ya kubebaka bantu. Yake ilikufaka zamani. Utafukuza na miye?"

Daktari mmoja mwenye kigari cha mgongo wa kobe akakohoa. Akakiri viti vyake vimetoka saluni ya mke wake. Mwingine akasema bampa lake alilichonga kwa mbao akalipaka rangi ya fedha, ndiyo maana mvua ikinyesha haji. Ikawa kama kipindi cha ushuhuda kanisani, kila mtu anataka kutubu.

Mwisho macho yote yakamgeukia prezida.

Akavua glavu ya pili.

"Redio," akasema.

"Redio gani?"

"Ya gari yangu. Ni uso tu. Ndani niliweka simu ya binti yangu."

Wakuu, asubuhi nzima wote tulikuwa tumeisifia ile redio, eti zamani walijua kutengeneza vitu. Mama Furaha alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Ukaguzi ukafia hapo. Jioni bukari, yaani ugali, ilipoiva, baba aliketishwa meza ya prezida akisimulia njia ya Pweto. Mimi nilikula pembeni na yule mwenye bampa la mbao.

Jumapili asubuhi nikamkuta mzee peke yake, anaifuta ile taa ya tarakta kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Papa, unisamehe."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ile niliandika."

Akaendelea kufuta.

"Motokari, uisemee bongo na uongo vile unapenda, haisikie. Lakini ile samaki njo ilikusomesha mupaka ukajua kuchora. Kuuzisha samaki haina haya."

Nikasema ndiyo, papa.

"Basi washa tuone."

Haikuwaka. Hata ngumi yake ilishindwa. Wakasukuma watu sita, prezida mmoja wao, na zile glavu nyeupe zikatoka pale rangi ya matofali. Tulirudi Katuba salama, jamaa wa mkokoteni tukampita tukiangalia upande wa pili.

Wiki iliyofuata klabu ikaleta kadi. Ya baba imeandikwa "mwenye gari na mwanahistoria wa klabu". Yangu imeandikwa "msindikizaji".

Mikutano anapigiwa simu yeye. Jumamosi iliyopita Mama Furaha alikuja kumchukua na Benzi. Nikauliza kama kuna nafasi. Baba akafunga mlango, akashusha kioo, akaniambia mkutano ni wa wenye magari.

Nilichojifunza: ukitaka kuandika historia ya baba yako, mwulize kwanza. Huenda ya kweli ni nzuri kuliko uliyoitunga. Na kama utadanganya kwa lazima, basi usimbebe shahidi kwenye gari hiyohiyo.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine aliwahi kuonea haya kazi iliyomlisha, ikamrudi mbele za watu? Semeni bila kuogopa. Mimi nimeshavuliwa nguo, hamtakuwa wa kwanza.