Mdhamini wa Bomba

Wanawake wa Ngokolo walimwita Mama Limi hata baada ya Limi mwenyewe kuzikwa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Serafina, lakini hilo lilikuwa la padri na la siku za Jumapili. Mtaani alikuwa Mama Limi, na kila alipoitwa hivyo aliitika haraka, maana mtoto yule alikuwa wa pekee, aliondolewa na ugonjwa wa tumbo kabla hajajua kufunga kanga ya mdoli wake, na kilichobaki kwake duniani ni jina hilo tu midomoni mwa majirani.

Mumewe Maige alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu kule Geita akiwa na kifua kibovu. Alikwenda kijana wa kubeba gunia la pamba begani, akarudi mtu wa kukaa mlangoni na kukohoa. Wawili hao waliishi katika nyumba ya udongo na nyasi upande wa Ngokolo unaoelekea bondeni, na bondeni ndiko kilikokuwa kisima.

Kisima kile hakukichimba Mzungu wala Mhindi. Walikichimba watu wa Ngokolo wenyewe, wengi wao wametoka Samuye na vijiji vya jirani, wakaja mjini na majembe yao na desturi zao. Kila kiangazi walikusanyika kuzoa tope, na aliyewakusanya ni Jilala, nsumba ntale wao, yaani mkuu wa kundi la kazi. Jilala hakuwa na cheo ofisini, lakini alipopuliza filimbi yake, mwanamume aliyebaki kitandani ilimpasa awe anakata roho.

Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Watu waliyanywa, na watoto waliumwa matumbo. Hilo halina ubishi, na nalisema mapema ili mtu asidhani kwamba Serafina alikuwa mpumbavu.

Siku moja Bwana Afya akaitisha baraza uwanjani karibu na soko. Jina lake Cornel, mtu wa Bukoba, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Alisema kisima kile ni kaburi lililo wazi, na kwamba ofisi italeta maji ya bomba mpaka Ngokolo, ila kwanza kisima kifukiwe, kwa maana kikiwa wazi watu hawataacha kuchota. Alisema kwa Kiswahili kizuri sana. Kiswahili kizuri sana hakikuwafaa wanawake waliokuwa wamekaa chini pale, wengi wao Kiswahili chao kilitosha kununua chumvi tu. Basi Serafina, aliyesomeshwa misheni, akasimama kuwatafsiria kwa Kisukuma.

Alipomaliza, Jilala akauliza, "Bomba lisipokuja, tumshike nani? Huyu bwana ni mgeni, kesho atahamishwa. Nani anadhamini?"

Serafina akamgeuzia Cornel swali. Cornel akacheka kidogo. "Mwambie Serikali ndiyo inayodhamini."

Akawaambia. Watu wakaulizana. Serikali ni nani, unamkuta nyumba gani? Serafina aliona nyuso zile zinajifunga, akajua kisima hakitafukiwa, na watoto wataendelea kunywa tope lililomuua mwanawe. Moyo ukampanda. Akaongeza neno ambalo Bwana Afya hakulisema wala hakuliomba:

"Na mimi nadhamini. Bomba litakuja. Lisipokuja, nishikeni mimi."

Mdomo huponza kichwa. Kwa watu wale, anayesimama mbele ya kundi na kusema nishikeni mimi, hasemi kwa kupamba maneno. Jilala akasema, "Tumesikia, Mama Limi. Neno lako tumelichukua." Juma lililofuata akapuliza filimbi, na watu walewale waliokichimba kisima wakakijaza mawe.

Bomba lilikuja. Asije mtu akasema halikuja. Mifereji ya chuma ilichimbiwa kutoka upande wa stesheni, ikapita nyumba za wakubwa, ikapita soko, ikafika Ngokolo. Ukajengwa ukuta mdogo wa saruji, ukawekwa mdomo wa shaba unaong'aa. Siku ya kufunguliwa wanawake walijipanga na mitungi, Cornel akazungusha, bomba likapiga chafya, likakohoa, likatema maji mekundu yasiyojaza kata. Vigelegele vikapigwa. Kisha likatoa upepo, na tangu hapo halikutoa kitu kingine.

"Ni hewa ndani ya mifereji," alisema Cornel. "Subirini kidogo."

Kidogo hicho kikawa kiangazi kizima. Cornel akahamishwa, kama Jilala alivyosema. Wanawake wakaanza kwenda mtoni kuchimba mchanga kutafuta maji, mwendo wa kuondoka alfajiri na kurudi jua limekuchoma utosi. Nyumba za wakubwa kule juu zilikuwa na maua, na maua yale yalimwagiliwa jioni. Nani hakuyaona?

Serafina akawa mtu wa ofisini. Alikwenda, akaketi kwenye benchi la nje, akaambiwa njoo kesho, akaja kesho. Karani aliyempokea aliitwa Gregory, kijana mpole, na upole wake ulichosha kuliko matusi.

"Mama, bomba si mmepata?"

"Tumepata, baba. Halitoi maji."

"Ndiyo. Sasa sikiliza. Bomba ni kazi ya watu wa afya, na wao wamekwisha maliza. Maji ni kazi ya watu wa ujenzi."

Watu wa ujenzi wakamwambia mashine haina nguvu ya kusukuma maji mpaka Ngokolo, nyingine imeagizwa, ikifika ataona. Iko wapi? Iko njiani. Akarudi kwa Gregory, akaomba basi kisima kifukuliwe wakati mashine ikiwa njiani.

"Haiwezekani, mama. Kisima kimefungwa kwa amri ya afya. Atakayekifukua atashtakiwa."

Hakuwa anatania. Ngassa, mdogo wake Jilala, mtu mzima mwenye mke na watoto, alichoka kuona mkewe anarudi kutoka mtoni na miguu iliyopasuka, akashuka bondeni na sururu, akaanza kutoa mawe. Askari wakamkuta ndani ya shimo. Akapelekwa mahakamani, na kutoka mahakamani akapelekwa gerezani.

Siku hiyo Jilala akaja nyumbani kwa Serafina na wazee wawili. Hakuketi.

"Ulisema tukushike wewe," alisema. "Tumengoja. Mdogo wangu amefungwa kwa maji yetu wenyewe. Tangu leo, hapa hapaombwi moto wala hapapewi moto. Hapasalimiwi. Ukipiga mwano, hatuna masikio. Siku utakayochoka, utaleta mbuzi mbele ya watu na kusema umekosa, nasi tutakurudisha."

Mwano ni yowe la kuomba msaada. Kwa Wasukuma, mwano ukisikika, mtu huacha chakula kinywani akakimbia na chochote alichoshika. Kunyimwa mwano ni kuambiwa ufe peke yako.

Kilichomuuma Serafina kwanza hakikuwa kunyimwa moto wala mwano. Kilikuwa kile kimya. Alizoea kusikia "Mwangaluka, Mama Limi" kutoka kila ua asubuhi, sasa akapita katikati ya nyua zilezile na watu wakainama kutazama vidole vyao vya miguu. Zipora, rafiki yake wa karibu, aliyemshika mkono siku ya msiba wa mtoto, alibadili njia. Hakuna aliyemwita tena, na kwa kuwa hakuitwa, jina la Limi nalo halikutajwa. Ilikuwa kama mtoto amezikwa mara ya pili, tena safari hii na majirani. Serafina alilia kwa hilo, akiwa peke yake jikoni, akiupulizia moto wake usizimike.

Mtoni nako alikuwa peke yake. Vishimo vya mchangani vilikuwa na wenyewe, vimezungushiwa miiba. Akachimba chake mbali kule chini, mahali maji yana chumvi, akangoja yajae kata kwa kata. Aliporudi alimkuta Maige ameanguka mkekani, amechoka kukohoa.

"Nenda kwa Jilala," Maige alimwambia. "Mbuzi tutamtafuta. Sema umekosa, yaishe."

"Nimekosa nini? Nimeiba? Nimeroga? Mashine iko njiani, mume wangu. Maji yakitoka, watakuja wenyewe."

"Wewe bado unawaamini watu wale?"

Alikuwa anawaamini. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na ulikuwa mbaya kuliko wa Maige. Kila alipomwona mtu wa ofisi anapita karibu na bomba, alisimama mlangoni na mtungi. Kuomba radhi kungekuwa kukubali kwamba maji hayaji, na maji yasipokuja, basi Limi alikufa bure na watoto wa wengine watakufa vilevile. Hakuweza kulimeza hilo. Tumlaumu? Mimi nimejaribu kumlaumu nimeshindwa, ingawa mara nyingine ningependa kumshika mabega na kumtikisa.

Maige akafa asubuhi, jua linachomoza, akiwa ameegemea mapaja ya mkewe. Alikuwa ameomba maji. Chini ya mtungi yalikuwa yamebaki ya kulowesha kitambaa. Serafina akamlowesha midomo, kisha, alipokwisha kukata roho, kwa kitambaa hichohicho akampangusa uso. Ndiko kuoshwa alikooshwa.

Akatoka uani akapiga mwano.

Alipiga kwa sauti yake yote, kama mama yake alivyokuwa akipiga kule Samuye, na kule Samuye watu wangemiminika kutoka kila upande. Katika ua wa jirani mtu alikuwa anasaga uwele. Jiwe likasimama. Serafina akanyamaza ili asikie miguu inayokuja. Jiwe likaanza tena kusaga.

Akapiga tena, mpaka sauti ikakauka. Jua likapanda. Nzi wakaja. Maige hakuwa amebatizwa, hivyo hapakuwa na padri wa kumkimbilia, na ndugu zake walikuwa Runzewe, safari ya siku nyingi. Saa hiyo angemtoa mbuzi, angemtoa hata ng'ombe, angepiga magoti mbele ya mbwa wa Jilala. Alikwenda mlangoni kwa Jilala kweli, akaanguka chini akasema nimekosa. Mke wa Jilala akasema kwa nyuma ya mlango kwamba mwenyewe amekwenda mnadani na wazee wake, mpaka kesho. Mwenye kumwondolea kutengwa ni yeye tu.

Basi akafunga kanga, akaenda kule alikozoea kwenda. Gregory alipomwona akaanza, "Mama, mashine bado..."

"Sikuja kwa bomba. Mume wangu amekufa, hakuna wa kumzika."

Gregory akasimama. Tangu Serafina aanze kuijua ofisi ile, hakuwahi kumwona amesimama kwa ajili yake. "Maiti imelala ndani ya nyumba, katika joto hili? Hilo ni jambo la afya!" Akaita tarishi, tarishi akakimbia. Kumbe ofisi inajua kukimbia. Kabla ya adhuhuri wafungwa walikuwa wamekwisha fika na makoleo, askari mmoja nyuma yao.

Walimbeba Maige juu ya kitanda chake, wakampitisha katikati ya Ngokolo, kama wanavyobebwa watu waliookotwa barabarani. Serafina alifuata nyuma peke yake. Milango ilifunguka kidogo, watu wakachungulia, na mara akasikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu, na mwingine, maana wa mbele kulia, aliyeshika mguu wa kitanda, kichwa kimenyolewa, alikuwa Ngassa.

Ngassa hakutazama pembeni. Alichimba kaburi pamoja na wenzake, ardhi ngumu kama kigae, jasho linamtiririka mgongoni. Walipokwisha kufukia, askari akawaruhusu wapumzike. Ngassa akamgeukia Serafina.

"Pole, Mama Limi," alisema. "Pole sana. Nisaidie maji ya kunywa."

Jina lilikuwa limetajwa. Baada ya miezi yote ile mtu alikuwa amelitaja, na huyo mtu alikuwa na kiu, mikono ina udongo wa kaburi la mumewe, udongo ambao kwa desturi mwenye msiba humwagia mchimbaji maji aunawe. Serafina akafungua mdomo. Alitamani ardhi ile iliyochimbwa immeze yeye pia.

"Sina, baba," alisema. "Sina hata tone."

Ngassa akaitikia kwa kichwa, akapangusa mikono kwenye kaptula ya jela. Wakapangwa mstari wakaondoka.

Kesho yake alasiri majirani wakaja. Jilala alikuwa amerudi, akasikia ndugu yake ndiye aliyemzika Maige chini ya bunduki ya askari, akasema kutengwa kumekwisha, aibu hii ni ya wote. Wanaume wakakaa nje na vichwa chini. Wanawake wakaingia mmojammoja, kila mmoja na mtungi kichwani, maji ya mtoni yaliyochujwa vizuri, wakaitua mitungi mpaka hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Nyumba ile haikuwahi kuwa na maji mengi kama hayo.

Zipora akapiga magoti, akajaza kata. "Mama Limi, pokea."

Serafina aliitazama kata. Alitaka kuipiga teke. Alitaka kumwaga mitungi yote mlangoni na kuwauliza jana walikuwa wapi, jana lingetosha tone la kumpa Ngassa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga. Lakini tangu juzi hakuwa amekunywa kitu, na ulimi ulikuwa umemganda.

Akaipokea kata kwa mikono miwili. Akanywa yote, akiwachukia, na alipomaliza akamrudishia Zipora ajaze tena.