Mringaringa wa Juu ya Korongo

Msitu wangu ni eka tatu za miti kwenye mteremko wa Rhotia. Baba aliniachia mimi kwa sababu kaka zangu walishachagua mashamba ya mahindi, na siku ya kugawana mimi nilikuwa chuoni. Kwa juu unapakana na hifadhi ya Ngorongoro. Kwa chini kuna shamba la jirani, mjane mmoja wa umri wa mama yangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia Karatu mjini. Kila mwaka nafundisha utunzaji wa misitu, na wanafunzi wangu wanafaulu. Msituni kwangu nilikuwa nakwenda Krismasi na Pasaka, nikiwa na viatu vya kanisani, kwa hiyo nilikuwa nautazama kutoka barabarani.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa sababu nilihitaji nguzo za banda la kuku. Bodaboda alinishusha njia panda, nikapanda kwa miguu. Kabla sijafika kwenye korongo nikasikia msumeno.

Walikuwa wanaume wawili. Walikuwa wameangusha mringaringa mkubwa kuliko yote, ule ambao baba alikuwa akiegemea baiskeli yake, na gogo walikuwa wamelipandisha juu ya jukwaa la miti. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine chini, wanavutana msumeno. Mbao zilizokwisha kupasuliwa zilikuwa zimepangwa vizuri, na kati ya ubao na ubao wameweka vijiti ili hewa ipite. Nilivutiwa na kazi yao kabla sijakasirika.

Yule wa juu, mwenye kofia ya sufu, alinyoosha mkono.

"Mzee, usisogee hapo, gogo linaweza kuteleza. Unatafuta nini?"

Nikasema natembea tu.

"Basi pitia kule chini. Hili shamba lina mwenyewe, na mwenyewe hapendi watu wapitepite."

Nikamuuliza mwenyewe ni nani.

"Mama mmoja, mtu mzima. Mcha Mungu kwelikweli. Siku tunaanza alituombea, tena maombi marefu."

Yule wa chini akatoka, akajifuta vumbi la mbao usoni, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nikaipokea. Nilikuwa nimepanda mlima, na nilikuwa mgeni wao, kwa namna walivyoona wao. Nikiwa nakunywa nikawaambia kwamba eka hizi ni zangu, nilirithi kwa baba, na hati iko nyumbani.

Mwenye kofia akashuka kwenye gogo taratibu. Akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: mringaringa mmoja, juu ya korongo, mbao tutagawana nusu kwa nusu. Chini kulikuwa na sahihi ya jirani yangu, kubwa, yenye kona nyingi. Niliifahamu kwa sababu ilikuwa pia kwenye daftari la rambirambi la msiba wa baba.

"Sasa mzee," akasema, "tuendelee au tusimame?"

Ubao wa mwisho ulikuwa umefika nusu. Nikawaambia wamalizie huo, kisha wasimame.

Nilimkuta jirani uani kwake anapepeta maharage. Kwa kawaida tukikutana hunisalimia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. Siku hiyo nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa Kiswahili, akasogeza kigoda. Nikajua anajua nimekuja kwa lipi.

"Mama, mringaringa umeangushwa."

"Najua, mwanangu. Nimeuangusha mimi."

"Ule mti ni wangu."

"Mti ni wa mume wangu. Siku wanapanda, baba yako alimwambia, miti yote yangu, huu wa juu ya korongo wako, kwa sababu shimo umechimba wewe. Mimi nilikuwepo, nimebeba maji."

"Baba hakuniambia."

"Wewe ulikuwa unasoma."

Aliendelea kupepeta. Akanionyesha jiko lake, au pale lilipokuwa. Tembo walishuka kutoka hifadhini wakati wa mavuno, wakasikia harufu ya mahindi, wakasukuma ukuta. Alitoa taarifa, watu wakaja wakapiga picha, wakaandika, wakaondoka. Alihitaji mbao.

"Ungenipigia simu," nikasema.

"Nilikupigia mwaka juzi wachoma mkaa walipoingia. Ukasema uko kwenye kusahihisha mitihani. Nikawafukuza mwenyewe. Kabla yao walikuja wakata fito, nikawafukuza. Yule mrina asali aliyeacha moto, nani aliuzima? Nikaona mwenye msitu ni mimi, jina tu ndilo lako."

Nilikumbuka ile simu. Nilikuwa kweli nasahihisha mitihani, na swali la tatu lilihusu madhara ya uchomaji mkaa.

Hata hivyo nilikuwa na hasira, na hasira ikanipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Akanisikiliza, akasema mambo ya majirani hapendi kuyapeleka mbali, tukayamalize hukohuko mtini. Tukapanda wote: mtendaji, mimi, na jirani akiwa na fimbo yake. Tulipofika tulimkuta afisa misitu wa wilaya amesimama kando ya mbao. Mtu alikuwa amempigia simu. Mpaka leo sijui ni nani, na kila mmoja wetu ana mtu anayemshuku.

Afisa alikuwa kijana mpole mwenye daftari. Hakuuliza nani mwizi. Aliuliza kibali cha kuvuna kiko wapi, kwa sababu mti kama ule hata ukiwa wako huwezi kuukata bila kibali. Wapasuaji wakatoa karatasi ya daftari. Akaisoma, akairudisha.

"Mwenye shamba ni nani?" akauliza.

Nikisema ni mimi, kosa la kukata bila kibali linaniangukia mimi. Jirani akisema ni yeye, kosa ni lake, na tena amedai kisicho chake. Mtendaji akawa anakagua kucha zake. Mwenye kofia, kwa nia njema kabisa, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu, afisa. Alikuja asubuhi kukagua, akanywa chai, akatuambia tumalizie ubao."

Yote yalikuwa kweli.

Afisa akaanza kuandika jina langu. Hapo jirani akapiga fimbo chini.

"Niandike na mimi. Shamba lake, mkono wangu. Huyu hakujua chochote. Huwa hajui."

Afisa akamtazama, akanitazama mimi. Sikuweza kupinga, maana alikuwa ananitetea.

Tuliandikwa wawili, kwenye ukurasa mmoja. Tulipewa onyo la maandishi na amri ya kupanda miche ishirini, na kila mmoja alitia sahihi. Mbao zikagongwa kwa nyundo yenye alama ya serikali, zikapakiwa kwenye trekta, zikaenda shule ya msingi ya kijiji. Sasa ni madawati. Nimeyaona. Mringaringa unatoa dawati zuri sana, na watoto wameshaanza kuchora juu yake.

Wapasuaji walikunja jukwaa lao na kuniaga kwa heshima, wakaniomba namba ya simu kama nitapata kazi nyingine.

Miche tuliipanda Machi, mvua zilipoanza. Mimi nilichimba mashimo, yeye akakaa juu ya ndoo akisema lipi halijafika kina. Tulipofika juu ya korongo nikachimba shimo moja kubwa kuliko mengine, nikamwambia mche wa hapo ni wake, nitauandikia karatasi. Akasema karatasi iwe na muhuri wa kijiji, maana maneno ya mdomo ya ukoo wetu anayajua. Nikaenda nikaandikisha. Jiko lake nililijenga upya kwa mikaratusi yangu, baada ya kuomba kibali, ambacho kilichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Wiki iliyopita alinipigia nikiwa darasani. Nilitoka nje kupokea.

"Kuna ng'ombe wameingia kwenye miche," akasema. "Nimemwambia mchungaji wao kwamba mwenyewe anakuja. Njoo."

Nikawaachia kidato cha pili wasome kimyakimya, nikapanda bodaboda. Nilipofika ng'ombe walishaondoka, na miche mitatu ilikuwa imeliwa. Jirani alikuwa mpakani, ameketi kwenye nyasi na yule mchungaji, wanazungumzia bei ya mahindi. Akanitambulisha.

"Huyu ndiye mwenyewe," akasema.

Mchungaji akasimama, akanipa mkono, akaniomba radhi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba radhi kwa ajili ya msitu ule, nikajikuta sijui nisimame vipi.